Jozi Iliyotiwa Gundi

Kila Jumatano shule za Grenoble hufungwa, na Solène hushinda kwa bibi yake akila keki ya jozi, zile kokwa za ganda gumu zinazoota kwenye miti ya bibi. Jumatano hiyo alikuwa na jozi moja isiyoliwa. Baptiste, mwanafunzi mwenzake, aliiokota ikiwa na kitundu kama cha sindano, akaapa kuna kiwavi hai ndani. Darasa lilitaka kumwona kiwavi akitafuna bila ganda kuvunjwa, katika ule mtambo mkubwa wa eksrei uliojikunja kama bangili pale mito miwili inapokutana. Solène alichaguliwa kuitunza hadi Alhamisi, siku ya kwenda huko.

Mtunzaji akataka kuchungulia, kidogo tu. Alipenyeza kisu, ganda likaachana, kiwavi akadondoka. Kuku wa bibi, wasio na adabu, hawakungoja kukaribishwa. Solène akalibandika ganda kwa gundi, akalifuta hata mshono usionekane.

Kesho yake mtafiti wa mtambo huo, Daktari Ghislaine, aliweka jozi kwenye kisahani kinachozunguka, akafunga mlango mzito. Picha ikajitokeza kwenye skrini, tabaka kwa tabaka.

"Kiwavi yuko wapi?" Baptiste aliuliza.

"Kaenda likizo," mmoja akadakia. Wakacheka.

Ghislaine alionyesha mstari mwembamba. "Hii ni gundi, na hivi viputo vya hewa. Mti gani huzaa jozi na gundi yake?"

Macho yote yakamgeukia Baptiste.

"Muongo wewe, umetuchezea," wenzake wakamwambia.

"Sikufanya mimi," alisema.

Masikio ya Solène yaliwaka. Angenyamaza tu, aibu yote ingemwangukia Baptiste.

"Ni mimi," akasema akitazama viatu vyake. "Niliifungua. Kiwavi kaliwa na kuku."

Baptiste akasema, "Basi angalau kuna aliyefaidi."

Jumatano iliyofuata Solène aliinama chini ya mijozi tangu asubuhi, maganda mabichi yakamtia vidole weusi usiotoka kwa sabuni. Alipopata jozi yenye kitundu, alimpa Baptiste. "Tunza wewe."

Kesho yake, kwenye skrini ya Ghislaine, safari hii kiwavi alionekana, mnene, akitafuna bila haraka. Darasa likapiga makofi. Solène aliificha mikono mfukoni.

Ghislaine akamwinamia. "Mtambo huu huona ndani ya jozi bila kuivunja, mwanangu. Ndani ya mtu hauoni kitu. Hapo mpaka mwenyewe aseme, nawe ulisema. Sasa toa mikono, utushikie taa tuitoe jozi."

Akaitoa, myeusi vilevile.