Ripoti ya Dada na Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Nyumbani kwetu kuna sheria ya baba: anayetoka mwisho asubuhi achomoe kila kitu ukutani. Birika, redio, kompyuta, vyote. Baba ni fundi umeme, ameshaona nyumba kadhaa zikiungua, na kwa jambo hilo hana mzaha hata kidogo.

Alhamisi ile niliyetoka mwisho ni mimi. Nina miaka kumi na miwili na wananiita Kiranga, jina nililolipata kwa jasho langu. Wiki hiyo nilikuwa nimekatazwa kugusa kompyuta, kwa sababu dada yangu, anayesomea uuguzi, alikuwa anamalizia ripoti yake ya mwisho chuoni. Basi walipotoka tu, nikaiwasha nicheze kidogo. Kidogo hicho kikawa nusu saa. Nilipotaka kuizima, maandishi yakatokea: kompyuta inajisasisha, usikate umeme. Asilimia thelathini. Nikangoja. Thelathini na moja. Nikatazama saa, lo! Nimeshachelewa shule. Nikachomoa waya, nikatoka mbio.

Niliporudi alasiri, dada alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kama mtu aliyefiwa. Nembo ilitokea, vidoti vikazunguka, kisha giza. Nembo tena, vidoti, giza.

"Iko hivi tangu saa saba," alisema.

Baba aliipiga kofi ubavuni. Mama alishauri iachwe ipumzike. Ikapumzika, tukaiwasha, yakawa yale yale.

"Una nakala mahali pengine?" baba aliuliza.

Dada alitikisa kichwa. Miezi mitano ya kuzunguka wodini ilikuwa mle ndani, na mwisho wa kukabidhi ni kesho saa sita mchana. Asipokabidhi, anarudia mwaka mzima. Akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona dada yangu akilia. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, lakini nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Mimi na dada tuliibeba kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja mcheshi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Bisibisi. Alituitikia marahaba, akaiwasha, akasikiliza, akakunja uso.

"Mara ya mwisho ilizimwaje?"

"Jana niliizima vizuri mwenyewe," dada alijibu.

"Leo hakuna aliyeigusa?"

Dada alinigeukia. "Kiranga?"

"Mimi? Nilikuwa shule."

Mama Bisibisi alishusha pumzi. "Basi nahofia diski yenyewe inakufa. Diski inayokufa haihangaishwi, ukiilazimisha unapoteza kila kitu. Nitaipeleka kwa wenzangu wenye mitambo ya kuokoa data. Wiki mbili hivi."

"Wiki mbili!" Dada alikaa chini, sakafuni palepale. Hakulia tena. Alitazama ukuta tu, na hilo likanichoma kuliko machozi. Mama Bisibisi alichukua bisibisi aanze kuitoa diski. Skurubu ya kwanza ikatoka. Ya pili.

"Ni mimi!" Nilipasuka kulia. "Niliiwasha asubuhi, nikacheza. Ilikuwa inajisasisha, nikachomoa waya!"

Nilingoja kofi, halikuja.

"Ilifika asilimia ngapi?" Mama Bisibisi aliuliza.

"Thelathini na moja."

"Ala! Ungesema mapema, mwanangu." Akazirudisha skurubu. "Njoo uone. Ukibonyeza kitufe, programu ndogo iliyomo kwenye ubao mkuu huamka kwanza. Inakagua: kumbukumbu ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Ikiridhika, inatafuta kwenye diski faili za kuwashia, na hizo ndizo zinazouamsha mfumo wote. Wewe ulikata umeme wakati faili hizo zinaandikwa upya. Kwa hiyo kompyuta inaamka, inakuta maelekezo nusu, inachanganyikiwa, inaanza upya."

"Na ripoti yangu?" dada aliuliza kwa sauti ndogo.

"Huenda haikuguswa. Tusubiri."

Alichomeka flashi yake, akaiwasha kompyuta kwa kutumia flashi hiyo badala ya diski, akachagua kurekebisha uwashaji. Tulisubiri. Ikakataa. Akaandika amri kadhaa, akajaribu tena. Ikakataa. Nilishika ukingo wa meza. Mara ya tatu amri zikakubali, akaichomoa flashi, akaiwasha upya. Nembo. Vidoti. Vidoti. Kisha picha ya harusi ya mama na baba ikajaa kioo kizima, na faili ya ripoti ya dada ikionekana juu yake, pembeni.

Mama Bisibisi alinishika bega. "Kosa lako la asubuhi nimelirekebisha kwa dakika arobaini. Lakini uongo wako wa saa hizi ungemgharimu dada yako mwaka. Mashine haina mdomo wa kunieleza kilichoipata, wewe unao. Ukiharibu, sema, tena sema mapema." Akamgeukia dada. "Na wewe msomi, kazi ya miezi mitano bila nakala? Haya, nakili sasa hivi, nakuona."

Dada alinakili mara tatu. Njiani aliibeba kompyuta mwenyewe. Tulipofika mlangoni kwetu ndipo aliposimama, akanitazama kwa macho mekundu.

"Kesho nikishaikabidhi, nitakugombeza vizuri," alisema. "Leo sina nguvu."

Nilimwambia, "Sawa, dada. Nisamehe." Usiku ule sikulala, na yeye pia nilimsikia akigeukageuka.