Mpini wa Behewa la La Rochelle

Anayebisha aende mwenyewe akakae kwenye kile kiti. Mimi nasimulia tu.

Mwaka 2017, karibu na La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, wazee fulani wastaafu walikuwa na behewa la umeme, lile jepesi la alumini linalojiendesha bila kichwa cha treni. Lilibeba abiria miaka arobaini, likastaafishwa. Sasa walilipaka nta kila Jumamosi kama bibi harusi. Waya wa umeme hakuna, hata taa haiwaki. Na ni watu wazima hao, wana wajukuu!

Mlinzi wa mchana alikuwa Vénérand, Mrundi. Kilichomsumbua mwanzoni ni kitu kidogo: kila asubuhi kiti cha dereva kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Halafu ikaja harufu ya breki zilizoungua. Mjinga yule akadhani mwenzake wa usiku anavutia bangi humo.

Asubuhi moja, saa kumi na mbili, akaona mgongo wa mtu mwenye kofia kwenye kiti hicho. Akajua ni mwenzake. Walinzi wa Joburg hawaachi lindo mpaka anayewapokea atamke. Basi akatamka:

"Kapumzike, kaka. Zamu nimepokea."

Ule mgongo ukainuka polepole, ukapita kwenye mlango uliofungwa bila kuugusa, na Vénérand, ambaye mpaka leo hakumbuki kukaa, akajikuta amekaa, kiganja kimekandamiza ule mpini wa chuma ambao dereva akiuachia behewa husimama papo hapo, maana wenye reli waliogopa dereva asije akafia njiani na abiria wamejaa nyuma, na alipojaribu kuinua kiganja kidogo tu, kilichosimama ni moyo wake.

Akakandamiza tena. Moyo ukadunda.

Kwa mkono wa pili akapiga simu nyumbani, akaeleza yote. Kufika saa nne, mkewe Léocadie, Mama Bertrand, alikuwa amemleta Mchungaji Marcellin, Mkongo wa viatu vya ncha na manukato ya kuua mbu, na waumini wake watatu. Alikuja pia Zabibu, mshonaji Mtanzania wa Joubert Park, anayeyajua majini.

"Toka, pepo mchafu! Toka!" Marcellin akafoka mpaka mate yakaruka.

"Unamfukuza nani?" Zabibu akanong'ona. "Dereva mwenyewe kashaondoka, kamwachia huyu kazi. Hapa anatakiwa mtu wa kumpokea."

"Nitampokea mimi," Léocadie akasema.

"Mama Bertrand, usithubutu." Midomo ya Vénérand ilikuwa imekauka. "Lakini fanyeni haraka. Mkono umekufa ganzi, unateleza."

Marcellin akacheka.

"Eish, Warundi na uoga! Mimi nimefukuza majini ya Kongo, majini yenye vyeo, nitashindwa na jini la kulipwa mshahara? Sogea huko. Kazi hii niachie mimi!"

Akamsukuma, akaushika mpini. Vénérand akaangukia kifuani kwa mkewe, anahema, mzima.

Marcellin akainua kiganja awaonyeshe. Macho yakamtoka, uso ukawa wa jivu, akakirudisha mbio. Mikelele yote kwisha.

"Mama Zabibu," akanong'ona, "zamu hii inaisha saa ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Huyo aliyetoka alikaa miaka thelathini, anasubiri mtu aseme neno."

Marcellin akageuza shingo taratibu, akawatazama waumini wake, mmoja baada ya mwingine.

Wote walikuwa wameshatia mikono mifukoni.