Mtani wa Baba

Kila asubuhi Asmahani alifagia uwanja wao wa Ipuli, mjini Tabora, huku akisikia matusi. Yalitoka ng'ambo ya ua, kwa jirani yao Mzee Vedasto, mrina asali aliyezaliwa Kigwa.

"Mzaramo, bado umelala? Huku hakuna minazi ya kukudondoshea chakula."

Mustafa, baba yake Asmahani, fundi cherehani, alijibu mswaki ukiwa bado mdomoni. "Nyamaza, Mnyamwezi. Wewe bila mzigo kichwani hujui hata kutembea."

Wazee hao walicheka, kila mmoja akaenda kazini. Asmahani hakucheka. Wazazi wake walitoka Kisarawe kutafuta riziki, na ukoo wote ulibaki huko. Kwake maneno ya Mzee Vedasto yalikuwa na maana moja tu: ninyi ni wageni, hapa si kwenu.

Wakati wa mvua Mustafa aliugua ghafla, akalazwa, akafariki. Uchungu wa siku ile hausimuliki. Asmahani alijibanza kwa mama yake, Zuena, akiwaza nani atamzika baba katika mji usio wao. Alitaka jambo moja tu, wafungashe virago warudi Kisarawe.

Watu walijaa uwanjani wakisubiri jeneza litolewe. Ndipo Mzee Vedasto akaingia, magoti yamejaa udongo. Alichukua koti la marehemu lililoning'inia mlangoni, akalivaa, akatembea kama Mustafa, kifua mbele, akikohoa kile kikohozi chake cha kila siku.

"Mzaramo mvivu huyu," alisema, "amelala mpaka watu wambebe. Nani kamruhusu kuondoka? Kesho nitamtukana nani?"

Akina mama walicheka huku machozi yakiwatoka. Hata Zuena alitabasamu. Asmahani alimrukia mzee, akalivuta lile koti.

"Toka kwetu. Hata amekufa bado unamtukana?"

Mzee Vedasto alivua koti, akalikunja taratibu, akampa. "Nimesikia, mwanangu," alisema, akatoka.

Jioni, watu walipopungua, Zuena alimketisha binti yake mkekani.

"Unajua nani alichimba kaburi la baba yako?"

"Sijui, mama."

"Mzee Vedasto na wanawe, tangu alfajiri, mvua ikiwanyeshea. Yule ni mtani wetu, Asma. Wazee husimulia kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kutoka huku hadi pwani. Walioanguka njiani kwetu, Wazaramo waliwazika. Mzaramo akifia huku, wao humzika. Na mtani huchekesha msibani ili wafiwa wasizame katika majonzi. Leo umemfukuza mfiwa mwenzetu."

Asmahani alilichukua lile koti, akalikumbatia.

Asubuhi zilizofuata hakukuwa na sauti ng'ambo ya ua. Kimya kile kilimuuma kuliko matusi yote. Mwishowe, asubuhi moja kabla ya shule, alikwenda mwenyewe, akamkuta mzee akichuja asali.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana, keti." Alimpangusia kigoda, akauliza hali ya mama, akauliza masomo. Kila neno lilikuwa la adabu, kama anavyosemeshwa mpita njia. Asmahani akaelewa kwamba hivi ndivyo mgeni anavyotendewa, na machozi yakamtoka.

"Nisamehe, babu. Sikujua." Akajifuta machozi. "Lakini na wewe ni Mnyamwezi gani, mtoto akikukemea mara moja unajificha kwenye mizinga?"

Mzee alimtazama. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akamlilia Mustafa kwa sauti. Asmahani alilia naye.

"Nilitaka turudi Kisarawe," alisema walipotulia. "Nilidhani hapa hatuna mtu."

Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Sikiliza. Mgeni hukaribishwa, hatukanwi. Baba yako nilimtukana kwa kuwa alikuwa mtu wa hapa, na nilimzika kwa sababu hiyo hiyo. Mtu kwao si pale alipozaliwa tu. Ni pale penye watu wa kumlilia, naye akawalilia wao. Kisarawe nendeni mkasalimie ndugu, ni haki yenu."

"Na tukibaki, babu?"

"Mkibaki, mmebaki kwenu." Alirudi kwenye asali yake, macho bado mekundu. "Haya, ondoka hapa, Mzaramo mdogo. Ukichelewa shule watasema ni ule uvivu wa kwenu."