Leso Isiyo na Mwenzake

Kila Jumamosi asubuhi Sidi alijitwika sinia la viazi vitamu, akaenda kuwauzia vibarua wa reli pale Changamwe. Ulikuwa mwaka wa njaa, na vita vilikuwa vikiendelea nchi za mbali. Viazi vilikuwa vidogo, na nguo ndizo usiseme: zilikuwa adimu kuliko mvua.

Kwa hiyo Jumamosi moja Gershom, mchuuzi waliyenunua chumvi kwake, alipomfunulia leso ya manjano kwa bei ya kutupa, Sidi hakuuliza lolote. Alikuwa na miaka kumi na miwili na hajapata kuwa na leso yake mwenyewe. Alilipa, akajifunga, akarudi nyumbani kwa maringo.

Mama yake, Philister, aliishika pindo. Pembeni ilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu.

"Na mwenzake iko wapi?" aliuliza. "Leso huuzwa mbili mbili."

"Alikuwa nayo hii tu, mama."

Philister aliguna, akaendelea kumenya mihogo.

Alasiri Sidi alikwenda kwa rafiki yake Kache, ambaye hakuonekana shuleni wiki nzima. Kusema kweli, alikwenda kujionyesha. Kache alitoka nje, amekonda, magoti yamemtokeza. Aliitazama leso, kisha ule uzi mwekundu.

"Hiyo ni ya mama," alisema. "Kiraka nilishona mimi."

"Zafanana tu," Sidi alijibu haraka.

Kache hakubishana. Alieleza polepole, kama anayesimulia habari za watu wengine. Mama yake alikuwa na leso mbili tu. Moja walimzikia Ngowa, mdogo wake Kache. Nyingine Gershom aliichukua kwa kibaba kimoja cha mahindi, tena yaliyoliwa na fukusi. Sasa mama alikuwa ndani, amejifunika gunia. Unga wa serikali ungegawiwa Jumatatu, lakini karani hakuwapa watoto. Alitaka mtu mzima afike mwenyewe. Angepangaje foleni na gunia? Huko ndani mtoto mwingine, Tsofa, alilia kidogo akanyamaza. Hakuwa na nguvu za kuendelea.

Sidi aliaga, na leso akaondoka nayo. Jumapili nzima chakula kilimshinda. Jioni alimweleza mama yake yote, pamoja na ule uongo. Philister hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

Jumatatu asubuhi walibisha hodi kwa kina Kache wote wawili.

"Shikamoo, mama," Sidi alisema. "Nilijua ni yako, nikadanganya. Nisamehe."

Mkono mwembamba ulitoka nyuma ya mlango, ukaipokea leso.

"Marahaba, mwanangu," sauti ilisema.

Baadaye mama Kache alitoka amejifunga leso yake, akaenda kupanga foleni. Adhuhuri alirudi na unga, na Tsofa akanywa uji. Ngowa hakuwepo kuunywa.

Sidi na mama yake walipokuwa wakirudi, walipita kwa Gershom. Leso saba zilitundikwa kambani, na hata moja haikuwa na mwenzake.

"Sidi!" Gershom aliita. "Leo ni rahisi zaidi!"

Philister hakusimama. "Kuanzia leo chumvi yetu tutanunua Miritini," alisema.

"Ni mbali, mama."

"Tutatembea. Wewe ulifurahia bei rahisi, lakini aliyeilipa ni mama Kache. Siku nyingine ukionyeshwa kitu rahisi namna ile, mwanangu, uliza kwanza ni nani aliyevuliwa."