Meza ya Chini ya Ngazi

Haya, sogea karibu nikupe fumbo kabla hatujaanza. Ana miguu minne, lakini hajawahi kupiga hatua. Asubuhi anabebeshwa mzigo, wala halalamiki. Jioni akibaki mtupu, mwenyewe anacheka. Ni nini huyo?

Usikimbilie kusema punda. Punda anatembea, tena anapiga mateke. Kaa nalo tu hilo fumbo. Tutakutana mwishoni.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeishi ghorofa ya pili katika jengo la zamani. Majirani walimwita Mama Mipango, kwa sababu kila kitu alikipangia mahali pake. Hata nguo za kuanika alizipanga: mashuka mbele, soksi nyuma, na vibanio vya rangi moja.

Kazini kwake aliongoza ushirikiano wa pande tatu. Upande wa kwanza ni shirika lake, ambalo halitafuti faida. Hilo lilikuwa na gari. Upande wa pili ni wakulima wa pembezoni mwa mji. Upande wa tatu ni zahanati ya mtaa. Wote walitaka jambo moja: watu wa maghorofani wale mboga na matunda, wasishindie chipsi na soda.

Chini kabisa, karibu na ngazi, aliishi wifi yake, dada wa mume wake. Mume mwenyewe alikuwa safarini kikazi. Wifi aliishi na mama yao, ambaye jengo zima lilimwita Bibi. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mdomo usiopumzika.

Kwa miaka mingi wifi aliuza mboga juu ya meza ya mbao, hapo hapo chini ya ngazi. Alfajiri alizinyunyizia maji, akazifunika kwa gunia bichi. Jirani akirudi kazini hoi, wifi alimkatia mboga kabisa, akamfungia kiasi cha sufuria yake. Kilichobaki jioni kilipikwa nyumbani, na Bibi akala.

Kisha ikaja siku ya kuzindua gari.

Lilisimama mbele ya ngazi likiwa limejaa mboga za bure. Mama Mipango akashika kipaza sauti. Furaha ilimpanda kichwani.

"Kuanzia leo mtakula mboga safi kila Jumamosi!" alisema. "Mambo ya kununua majani yaliyosinyaa mezani yamekwisha!"

Watu wakacheka. Macho yote yakageukia meza ya wifi. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, kopo la maji mkononi. Hakugomba. Aliuliza tu:

"Wifi, gari litakuja Jumamosi. Siku nyingine je?"

"Wifi na wewe! Ndiyo kwanza tunaanza, unatutia mkosi," alijibu Mama Mipango. Akaendelea kugawa mboga.

Kitu cha bure nani atakinunua? Siku za katikati ya wiki wifi alipanga mboga zake, watu wakapita. "Tunasubiri Jumamosi," walisema. Lakini majani ya Jumamosi hayafiki mbali kama mtu hana jokofu. Jumatatu yalikuwa manjano. Kuanzia hapo hadi Jumamosi nyingine, watu walikula walichokikuta njiani.

Meza nyingine za mtaani zikaanza kupotea. Mwishowe wifi naye akaiegemeza yake ukutani, miguu ikiangalia nje. Akanunua karai na mafuta. Akaanza kukaanga chipsi.

"Wifi!" Mama Mipango alishangaa alipoteremka ngazi. "Mimi napigana na chipsi huko, wewe unazikaangia mlangoni kwangu?"

"Mboga si unagawa wewe?" wifi alijibu bila kuinua kichwa. "Niachie mafuta yangu."

Jumamosi moja foleni ilianza kwenye ngazi ikafika bombani. Jua likapanda. Gari halikuonekana. Simu ya Mama Mipango ikalia. Alikuwa dereva.

"Mama, gari limegoma. Fundi anasema lisitegemewe wiki hii."

"Na mboga?"

"Zimo humu nyuma. Zinaiva zenyewe kwa joto."

Mama Mipango aliwaeleza watu. Hakuhitaji kipaza sauti. Minong'ono ilikuwa imeshakatika.

"Mama Mipango, leo mpango uko wapi?" alifoka mwanamke mmoja.

"Mimi nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya majani yako!"

"Basi tukanunue kwa wifi yake."

"Kwa wifi kuna nini? Meza si aliiua huyu huyu? Leo tule kipaza sauti!"

Watu walimsogelea. Kapu tupu likamgonga begani. Alifungua mdomo kujibu, na hapo hapo sauti ya wifi ikasikika nyuma.

"Mama! Mama yangu!"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya karai. Tangu asubuhi alikuwa akiomba maji, anakunywa, anaomba tena. Aliinuka, akashika hewa, akaanguka.

Wakambeba. Wifi alishika mabega, Mama Mipango akashika miguu. Kiatu kimoja kikachomoka. Ndani ya soksi kidole kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa.

Kwenye zahanati muuguzi alimtoboa Bibi kidole, akapima damu. Uso wake ukabadilika. Alimwita daktari mbio. Bibi akatundikiwa maji, akapewa dawa. Wale wawili wakasimama ukutani, kila mmoja na kona yake.

Bibi alipofumbua macho, muuguzi aliinama.

"Bibi, hiki kidonda kina muda gani?"

"Ni kiatu tu. Kilinikwaruza."

"Mbona umekificha?"

"Sikutaka makelele. Huyu mwanangu akianza kulalamika hanyamazi."

"Bibi yangu, mwenye sukari hafichi kidonda, hata kiwe kidogo kama punje. Anakuja siku hiyo hiyo. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Na chakula?"

Bibi akamtazama binti yake, kisha mkwewe.

"Nakula anachouza mwanangu. Alipouza mboga, nilikula mboga. Sasa anauza chipsi."

Wifi alimtazama Mama Mipango. Mama Mipango alitazama sakafu.

"Mguu utapona?" wifi aliuliza.

"Nikikuahidi nitakudanganya," alisema muuguzi. "Sukari ikibaki juu, anaweza kuupoteza. Ikishuka, na kidonda kikisafishwa hapa kila siku, tuna matumaini."

Alichukua sahani ya bati iliyokuwa kando ya kitanda. Akachora mstari katikati kwa kidole.

"Nusu hii yote ni mboga. Nusu ya pili igawe tena. Huku weka wali au viazi vya kuchemsha. Huku weka maharage, samaki au yai. Mboga msizichemshe mpaka zikafia jikoni. Soda aisahau. Dawa aendelee nazo, chakula hakichukui nafasi ya dawa. Na sahani hii ni ya kila siku. Si ya Jumamosi tu."

Maneno ya mwisho yalimchoma Mama Mipango kama sindano.

Kwenye korido wifi alimsimamisha.

"Siku ile nilikuuliza swali mbele za watu. Siku nyingine je? Ukasema natia mkosi." Akafuta macho kwa upande wa kanga. "Sasa nenda ukamjibu mama."

Jumatatu washirika walikutana ofisini. Kiongozi wa wakulima hakutaka hata kuketi.

"Mboga zangu zimeoza garini," alisema. "Mimi najitoa. Hoteli wananitaka."

"Tutafute gari kubwa zaidi," alisema msimamizi wa shirika. "Mama Mipango, tayarisha mpango."

Kwa mara ya kwanza Mama Mipango hakuwa na mpango. Aliitazama meza ile ndefu na watu walioizunguka.

"Gari kubwa litaharibika kwa kishindo kikubwa," alisema polepole. "Hapa tupo wenye gari, wenye shamba na wenye dawa. Muuza mboga yuko wapi?"

"Wauzaji? Hao si tunashindana nao?" msimamizi alishangaa.

"Hao walikuwa wanaifanya kazi hii kabla yetu. Kila siku, bila mafuta ya gari. Tukaja na vya bure, tukawafukuza. Sasa mtaa unakula mboga chache kuliko tulivyoukuta. Nami ndiye niliyeongoza. Mama mkwe wangu amelazwa kwa sababu hiyo."

Mkulima akakuna kidevu. "Nakupa mpaka Jumamosi. Usipokuwa na meza za kupokea mzigo wangu, hoteli wanachukua."

Mama Mipango alizunguka mtaa, jengo kwa jengo na ngazi kwa ngazi, kutafuta wauzaji wa zamani. Hakuenda na kipaza sauti. Alienda na masikio.

"Umekuja kutumaliza tuliobaki?" mmoja alimkejeli. "Au leo unagawa na wateja bure?"

"Nimekuja kuuliza. Mkirudi mezani, mnahitaji nini?"

"Tuone kama utasikiliza."

Alisikiliza mpaka viatu vikambana. Walitaka mboga za bure zikome. Walitaka mzigo uletwe alfajiri mpaka mezani, kidogo kidogo, kila siku, ili usinyauke. Na wasio na uwezo? Muuzaji mmoja alikuwa ameshalifikiria hilo. Zahanati iwape wagonjwa kadi, wachukue mboga mezani kama wateja wengine, na shirika limlipe muuzaji. Muuguzi naye apite mezani kupima watu sukari na kuwaonyesha sahani yake. Wanunuzi huko ndiko waliko.

Wakulima wakakubali kukodi mikokoteni. Wauzaji wakapewa viti kwenye kikao, na neno lao likawa na uzito sawa. Ikabaki ngazi moja, ile ya wifi.

Ijumaa Mama Mipango alimfuata wifi kwenye karai.

"Wifi, kesho utatoa meza?"

Wifi aligeuza chipsi. Mafuta yakalia.

Jumamosi watu walijaa tena na makapu yao. Mkulima alikuja mwenyewe kuona. Mama Mipango alikishika kile kipaza sauti.

"Siku ile niliwaambia mboga za mezani zimesinyaa," alisema. "Nilisema uongo. Zilikuwa zinanyunyiziwa maji tangu mimi nimelala. Nilimvunjia wifi yangu heshima mbele yenu, na kazi yake nikaiharibu. Nakosa usingizi kwa hilo. Wifi, nisamehe. Na nakuuliza mbele ya watu hawa: utatoa meza?"

Wifi alizima jiko. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

"Amekataa," mtu alinong'ona.

"Hajasema," Mama Mipango alijibu.

Mkulima alizitazama ngazi za majengo ya jirani. Meza zilikuwa zimerudi, na wauzaji walikuwa wakimpungia mkono.

"Zinatosha kuanzia," alisema. "Mikokoteni itakuja. Lakini hapa kwako pana pengo, mama."

Mikokoteni ikaja, kesho yake na siku zilizofuata. Watu walinunua walichohitaji kwa siku ile, wakarudi siku ya pili. Muuguzi aliketi leo kwenye meza hii, kesho kwenye ile. Wengine waligundua wana sukari kabla haijawaangusha. Mkokoteni mmoja ulipovunjika gurudumu, mwingine ulibeba mzigo wake, na hakuna aliyejua.

Bibi alirudi nyumbani akichechemea. Kila asubuhi wifi alimpeleka kusafishwa kidonda. Wakati wa kurudi alipitia ngazi ya jirani, akanunua mboga kwa muuzaji mwingine, akapita mbele ya Mama Mipango zikiwa zimefichwa chini ya kanga. Mama Mipango alijifanya haoni. Yeye kila alfajiri aliteremka na ufagio, akafagia ile nafasi chini ya ngazi, akanyunyiza maji, akaenda zake kazini. Hakuuliza tena. Kila alipofika pale alitazama ukutani. Meza ilikuwa imeegemea vile vile, miguu ikiangalia nje.

Siku moja muuguzi alifungua kitambaa cha Bibi, na hakukifunga tena.

"Kidonda kimefunga," alisema. "Sukari imeshuka. Mguu ni wako, Bibi."

"Kwani ulikuwa wa nani?" Bibi aliuliza. Lakini machozi yalimtoka.

Alfajiri iliyofuata Mama Mipango alimkuta Bibi ameshakaa kwenye kigoda, amevaa viatu vipya vya wazi. Karai lilikuwa limefunikwa, jiko baridi. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Mkokoteni ulisikika ukija kwa mbali.

Mama Mipango aliinama, akaanza kufagia kama kawaida.

"Nina fumbo," Bibi alisema kwa sauti. "Ana miguu minne, hajawahi kupiga hatua. Asubuhi anabebeshwa mzigo. Jioni akibaki mtupu, mwenyewe anacheka. Nani analijua?"

Ufagio ukasimama. Mama Mipango hakuthubutu kuinua macho.

Wifi alishuka kizingiti, akaufikia ukuta, akafuta vumbi kwenye ubao kwa kiganja.

"Ni meza, Mama," alisema. "Na wewe wifi, umesimama kama nguzo kwa nini? Acha ufagio. Shika upande ule, tuitoe."