Karatasi Nyekundu Dirishani

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, Soho Road pale Handsworth, Uingereza, ilikuwa imefurika watu. Mabasi yalifuatana, maduka ya sari yalikuwa yametoa nguo zao za kumetameta hadi nje, na harufu ya jalebi ndani ya mafuta moto ilichanganyika na moshi wa kuku wa Kijamaika. Mbele ya duka la mboga alisimama msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa yunifomu ya zambarau ya wanaohudumia wazee, koti jeusi juu yake, na beji nyekundu ya chama cha Leba kifuani. Nywele alikuwa amesuka matuta. Mkononi alikuwa na bangili ya shanga za bendera ya Kenya na rundo la karatasi za kampeni.

Huyo ni Mumbua, mtoto wa Kitui.

Kijana mmoja alikuja mbio akiwahi basi, mfuko wa unga wa ugali begani. Mumbua akamtia karatasi mkononi na kumwambia kwa Kiingereza cha upole kwamba uchaguzi wa madiwani ni mwezi wa tano. Kijana akaitazama karatasi, akaitazama bangili, akairudisha karatasi.

"Asante, dada. Mimi siasa niliiacha pale uwanja wa ndege, Nairobi."

"Haiya! Na mbona unga hukuuacha huko huko?"

Kijana alicheka mpaka akasimama. Alikuwa na mwanya, na mashavu yake yaliingia vishimo. Basi likafunga mlango, likaondoka.

"Ona sasa. Umenikosesha basi."

"Ni Leba imekukosesha basi? Hiyo kesi bado sijaisikia. Unafanya kazi gani?"

"Naendesha foklifti ya kuinua mizigo, ghala la vifurushi. Naitwa Shem."

"Basi Shem, ni watu kama wewe tunatafuta. Jiandikishe upige kura."

"Kura gani na mimi niko na viza tu? Unataka nirudishwe Eldoret?"

"Mkenya mwenye viza anapiga kura hapa. Sisi ni Jumuiya ya Madola. Hukuambiwa?"

"Wacha zako."

"Haki ya Mungu."

Alimwonyesha kwenye simu pale pale barabarani, wakajaza pamoja, na kabla basi lingine halijafika Shem alikuwa amejiandikisha na nambari ya Mumbua alikuwa nayo.

Kuanzia siku hiyo simu hazikukatika. Mumbua akitoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine, anapiga. Shem akipumzika chai, anapiga.

"Mheshimiwa diwani, umekula?"

"Sijala, mpenzi. Nimemwogesha bibi mmoja amenisimulia maisha yake yote. Na wewe?"

"Nakula mkate mkavu kama mfanyakazi aliyesahauliwa na chama chako."

"Eee, umeanza!"

"Nauliza tu. Chama gani kinamsaidia mtu wa jasho? Hapa kazini kuna mzee Mwingereza anasema ni chama cha Reform peke yake. Anasema watu wa nje tumezidi. Na mvua ikinyesha ni yeye anayenipa lifti hadi mlangoni."

"Sasa wewe unamjibu nini?"

"Namwambia asante kwa lifti."

Mumbua alicheka. "Mimi nitakuambia kwa nini niko Leba, na usinicheke. Kampuni iliyonileta ilipofungwa, viza yangu ilikuwa inakufa. Nilikuwa nalia kanisani. Mama mmoja wa Leba, simjui hanijui, alikaa na mimi siku baada ya siku tukiandikia waajiri, hadi nikapata hawa. Sasa mtu kama huyo akiniomba nigawe karatasi Jumamosi, nitakataa?"

"Hapana, mamii. Huwezi."

"Basi. Mimi sera zingine sijui sana. Najua nani alinishika mkono."

Shem alimpenda zaidi siku hiyo. Lakini sikiliza, wewe unayesoma. Mumbua alikuwa amemfungulia moyo, na Shem alikuwa na neno lake la zamani ambalo lilifaa kutoka saa hiyo hiyo. Akalimeza. Akasema chai imekwisha, anarudi kwa foklifti. Vijana, neno kama hilo ukilimeza linakaa tumboni likikungoja.

Mwezi wa nne, Jumapili baada ya ibada, Mumbua alimwalika chakula. Alipanga nyumba ndogo ya matofali mekundu nyuma ya Soho Road, zile nyumba za zamani zilizoshikana ukuta kwa ukuta, sebule ikitazama barabara. Jirani yake wa upande wa kushoto alikuwa mama mmoja Mhindi aliyeitwa Pallavi, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuja Uingereza akiwa msichana na bado anaongea Kiswahili. Pallavi alikuwa Kijani kabisa. Dirishani kwake kulikuwa na karatasi kubwa ya chama cha Kijani, na kila asubuhi alimwambia Mumbua kwamba Leba walimchosha, kwamba mfanyakazi wa leo anahitaji nyumba isiyo na ukungu na basi la bei nafuu. Mumbua alimjibu, wakabishana, wakapeana dengu juu ya ua.

Shem alifika amependeza. Shati jeupe limenyooka, suruali ya kijivu, marashi yamemtangulia mlangoni. Mumbua alikuwa na dera la maua ya manjano na unga hadi kwenye kiwiko.

"Kaa sebuleni, babe. Chapati ya mwisho iko juu ya moto."

"Naskia harufu. Leo nitakufa nikitabasamu."

Alikaa. Akageuka kutazama barabara. Hapo ndipo alipoiona. Karatasi nyekundu, kubwa, imebandikwa kwenye kioo, jina la chama likitazama nje. Jua lilipita ndani yake na kutia wekundu kwenye zulia, kwenye kochi, kwenye mikono yake mwenyewe.

Mumbua alipoingia na sahani, alimkuta Shem amesimama dirishani na karatasi imeraruliwa vipande viwili.

"Shem! Umefanya nini?"

"Usiweke kitu hiki hapa."

"Kwani ni dirisha la nani?"

"Watu wataona, Mumbua. Kila anayepita anajua wewe ni wa nani."

"Si ndiyo maana ya kuiweka!"

"Nimesema isikae hapa." Sauti ilimtoka kwa ukali ambao hata yeye mwenyewe hakuutarajia. Jasho lilikuwa limemlowesha shati, na nje kulikuwa na baridi.

Mumbua aliweka sahani chini polepole. "Kwa hivyo siku zote hizi, mheshimiwa diwani, mheshimiwa diwani, ulikuwa unanidharau. Unataka bibi wa kupika chapati, asiwe na mdomo."

"Si hivyo."

"Ni vipi basi? Niambie."

Mumbua alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko wasichana wengi wangengoja.

"Sina la kusema."

"Basi nenda ukakae nalo kwako."

Akaondoka bila kuonja chapati. Mumbua alilia, kisha akaosha uso, akaenda kwa Pallavi. Asubuhi iliyofuata alitoa karatasi nyingine, akaibandika mahali pale pale kwa gundi nyingi zaidi.

Shem alipiga simu. Haikushikwa. Akatuma ujumbe: *Nisamehe.* Mumbua akajibu: *Nikusamehe nini? Wewe mwenyewe husemi.* Akatuma mwingine: *Nakupenda.* Haukujibiwa. Kazini foklifti yake iligonga rafu, msimamizi akamuuliza kama ni mgonjwa. Na Mumbua huko kwa wazee wake alikuwa anachanganya chai ya huyu na ya yule, moyoni ameshaamua: uchaguzi ukipita bila Shem kusema kilichomfanya ararue ile karatasi, ataifuta nambari yake. Mwanamume asiyesema ukiwa rafiki yake, ukiwa mke wake atasema?

Wiki ya kabla ya uchaguzi, Shem alitoka kazini mapema akaenda Handsworth kwa miguu yake. Alifika kwenye geti la Mumbua, akashindwa kuingia. Madirisha mawili yalikuwa yamekaa pamoja, jekundu na la kijani, kama macho. Alisimama hapo mpaka mlango wa Pallavi ukafunguka.

Pallavi alikuwa amevaa salwari ya samawati na sweta ya mumewe, miwani kichwani. "Wewe ndiye yule mrarua karatasi?"

"Ndimi, mama."

"Mumbua hayuko. Bado kazini."

"Nitangoja." Akaashiria madirisha. "Mama, naomba nikuulize. Nyinyi wawili mnaongea kweli? Wewe ukiwa huku, na yeye huko?"

"Kuongea? Ufunguo wake ninao mimi. Juzi mgongo ulinishika, nani alinivalisha soksi? Ni yeye. Akinivalisha ananihubiria Leba, na mimi siwezi kukimbia."

Shem alitaka kucheka, badala yake machozi yakamtoka. Akaketi kwenye ngazi ya mlango wa Pallavi. Yule mama akashtuka, akaingia mbio kuleta maji, na aliporudi Mumbua alikuwa anaingia getini, yunifomu ya zambarau, mfuko wa viazi mkononi.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kusema. Keti, tafadhali. Na mama asiondoke."

Mumbua hakuketi, lakini aliweka viazi chini.

"Nilikuwa darasa la tatu," Shem alisema. "Eldoret, mwaka ule wa fujo baada ya kura. Kabla ya uchaguzi, mgombea mmoja alipita akigawa kalenda zenye picha yake, za bure. Mlango wetu ulikuwa na ufa, upepo unaingia kwa mtoto mchanga. Mama akachukua ile kalenda akaziba ufa. Ni hivyo tu, Mumbua. Hakuwa hata amejua yule mtu anasema nini. Fujo ilipokuja, wenye fujo wakaona picha mlangoni. Wakasema hii ni nyumba ya fulani. Wakaichoma."

Mumbua aliketi. Aliketi pale pale ngazini, bega lake likagusa la Shem.

"Mlitokaje?"

"Jirani. Alikuwa wa ule upande mwingine, na kila mtu alijua. Alikuja dirisha la nyuma akatupokea mmoja mmoja, akatuficha kwake chini ya magunia ya mahindi. Wangemkuta, wangemchoma na yeye."

"Mungu ambariki," Pallavi alisema, na akaanza kulia na kufuta miwani kwa sweta.

"Siku ile nilipoona karatasi kwako, sikuona Leba. Niliona mlango wetu. Nilikuona wewe uko ndani."

"Na hukunieleza! Mimi nimelia nikifikiri hunitaki na akili yangu!"

"Sijawahi kumwambia mtu."

"Mimi ni mtu? Mimi ni mtu wako, Shem." Alimpiga begani, kisha akamshika mkono huo huo, hakuuachilia. Baadaye akainuka. "Ngoja. Naenda kuitoa. Hakuna chama kinachostahili wewe ulie hivi."

"Hapana, usiitoe kwanza." Shem alitoa simu. "Nataka Mama aone."

Alipiga ya video. Mama yake alitokea Eldoret, leso kichwani, uso karibu sana na kioo.

"Shem, mbona macho mekundu? Uko mgonjwa?"

"Niko salama, Mama. Tazama." Akageuza simu, akaipitisha barabara nzima. Dirisha jekundu. La kijani. Ng'ambo ya barabara lilikuwepo la samawati ya Reform. Mbele zaidi, jekundu tena, na mtoto akipita na baiskeli.

Mama alifuata kila dirisha kwa kidole.

"Hizo ni za vyama?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Zote barabara moja?"

"Barabara moja."

"Na wanalala?"

Pallavi akaingiza kichwa kwenye picha. "Tunalala, mama yangu! Mimi ndiye wa kijani. Nimezaliwa Kisumu!"

"Na huyo wa jekundu ni nani?"

Mumbua alijipangusa machozi, akajinyoosha yunifomu. "Ni mimi, Mama. Naitwa Mumbua. Tunalala, Mama. Ufunguo wangu uko kwa huyu."

Yule mama aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akainua mikono yake miwili hadi simu ikaanguka, wakamsikia akimshukuru Mungu na kumtaja yule jirani wa magunia kwa jina. Aliporudi kwenye kioo, alikuwa anacheka na kulia.

"Shem. Huyu wa dirisha jekundu utamwoa lini?"

"Sijamuuliza, Mama."

"Unangoja nini? Nimpigie mimi magoti kutoka huku?"

Shem akamgeukia. Hakukuwa na pete. Kulikuwa na viazi, mvua iliyoanza kunyesha, na jirani aliyeshika glasi ya maji. "Mumbua, utanikubali? Na yote niliyonayo tumboni, nitakuwa nakuambia."

"Ukinyamaza tena?"

"Nifukuze."

"Nitakufukuza kweli." Akatabasamu. "Nakubali. Lakini karatasi yangu inakaa."

"Ikae," mama wa Eldoret alisema. "Kama wanalala, ikae."

Siku ya uchaguzi walikwenda pamoja ukumbi wa kanisa, kila mmoja na pasipoti yake ya Kenya. Mumbua alitoka kwanza akamngoja chini ya mwavuli. Shem alikawia ndani. Ilikuwa kura yake ya kwanza maishani. Alikunja karatasi yake mwenyewe na kuitumbukiza.

Wazazi wenzangu, tuliopitia mambo, tusiwaachie watoto wetu woga bila kuwapa na maneno yake. Na nyinyi vijana, vyama vitakuja na vitapita. Mwambie mwenzako unachoogopa kabla hujararua kitu chake. Shem aliponea padogo. Namshukuru Mungu aliponea.

Walifunga ndoa mwezi wa nane. Mpaka leo Mumbua hajui mume wake alikipigia kura chama gani. Wanabishana mezani, wanazima taa, wanalala.