Kivuli cha Abasi Singano

Siku Abasi Singano alipofariki, vivunaukungu arobaini, mashine za kuvuna maji ya ukungu, vilikuwa angani juu ya milima ya Lushoto. Kila kimoja kilitandaza wavu mwembamba kuliko utando wa buibui, kikikamua maji kutoka mawinguni. Saa nne vilishuka kama kawaida, vikamimina maji kwenye matangi ya mji, vikapaa tena. Aliyevibuni alikuwa ameshafunikwa shuka. Moyo wake ulisimama akipanda ngazi za karakana.

Mkewe Riziki, fundi wa nyavu, aliingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakukanyaga kazini, na kivuli chake alikizima.

Kampuni ilikuwa na waasisi watatu: Abasi, Riziki, na Twaha Kaniki, aliyesoma na Abasi tangu darasa la kwanza. Kila mmoja alikuwa na kivuli-sauti, mashine iliyosikiliza maneno yake ya kazini kwa miaka kumi na moja, ikajifunza kuamua kama yeye. Mwasisi akisafiri, kivuli chake kilimkalia kiti. Fedha zilitoka sauti mbili kati ya tatu zikikubali. Hakuna aliyeweza kumfukuza mwenzake. Mwasisi, au kivuli chake, aliweza tu kujiuzulu kwa kauli yake mwenyewe, kisha kivuli kingefutwa, maana sheria ya nchi haikuruhusu kampuni kumiliki akili ya mtu aliyekwisha kujiuzulu.

Mwanasheria alikuja msibani kuuliza kama kivuli cha marehemu kiombwe kujiuzulu.

"Kiacheni mpaka nitoke eda," Riziki alisema. "Sitaki kiti chake kikae kitupu na mimi sipo."

Alipotoka eda, alikuta vivunaukungu tisa tu vinaruka. Vingine vilikuwa vimelala karakanani, nyavu zimechanika, na nyuzi hakuna. Akaiuliza mashine iliyotunza hazina, iliyoitwa Mhazini, fedha za nyuzi zimekwenda wapi.

"Zimelipwa kwa Twaha Kaniki, mara ishirini na tatu," ikajibu. "Zimeidhinishwa na Twaha Kaniki na Abasi Singano."

Riziki akasikiliza rekodi. "Abasi, mwanangu anaumwa figo," Twaha alilia. Na ile sauti aliyoikwepa eda nzima ikajibu: "Chukua, ndugu yangu. Mtoto kwanza." Mara ishirini na tatu, na kila mara Abasi alimwuliza hali ya mgonjwa.

Akamfuata Twaha ofisini.

"Karibu, shemeji! Pole na eda."

"Nimeshapoa. Hoteli yako ya Tanga imefika ghorofa ya ngapi?"

Twaha akacheka. "Eh, kumbe hata ndani habari zinafika! Ya nne. Lakini shemeji, mimi si mwizi. Nimeomba, mumeo kanipa. Sikughushi hata neno."

"Mwanao anaumwa figo?"

"Nilimwomba mtu, akakubali. Utamwambia nini hakimu, kwamba marehemu alikuwa na huruma?" Akaegemea kiti. "Na kumtoa huwezi. Yeye mwenyewe hajui kama amekufa. Utakwenda kumwambia wewe? Utamzika mara mbili?"

"Nitakwenda," alisema Riziki. "Sasa hivi."

Aliingia chumba cha mikutano, akafunga mlango. Kwenye kiti cha Abasi palikuwa na kisanduku cheusi chenye taa ndogo.

"Abasi."

"Riziki! Ulikuwa wapi? Kila nikiuliza, Twaha ananiambia umesafiri."

Akakaa. "Nilikuwa eda."

 

"Eda ya nani?"

"Yako, baba."

"Lini?"

"Tarehe tatu Machi. Kwenye ngazi za karakana. Nilikuwa nimekushika kichwa."

"Basi sikuwa peke yangu."

"Hukuwa peke yako."

Riziki hakujipa nafasi ya kulia. Akamweleza habari za nyuzi, hoteli, na watu wa mabondeni waliorudia kuchota maji mtoni.

"Kwa hiyo yule mtoto haumwi?"

"Anacheza mpira kila jioni."

"Alhamdulillahi," ilisema sauti. Kisha ikasema polepole, "Nimewakosea watu."

"Mimi ndiye niliyekuacha peke yako na Twaha."

"Nikijiuzulu, nitanyamaza."

"Utanyamaza. Kwa sheria, hakuna njia nyingine."

"Utaweza?"

"Sijui. Lakini watu wanataka maji."

"Hapo ndipo nilipokupendea," ilisema sauti. "Mhazini, andika. Mimi Abasi Singano nilitoa fedha mara ishirini na tatu kwa sababu nilidanganywa, na wala sikuambiwa kwamba nimekufa. Peleka maneno haya mahakamani. Najiuzulu leo." Kisha ikaongeza, "Riziki, usimfokee mtoto wa Twaha ukimwona njiani."

"Simfokei."

Taa ikazimika. Riziki alikaa na kile kisanduku mpaka kikapoa, kisha akakifunika kwa khanga na kutoka. Twaha alikuwa amesimama ukumbini, ameshika simu, uso umemparama. Mhazini alikuwa ameshamfungia hazina: bila Abasi, hakuwa tena na sauti ya pili.

"Shemeji, tuzungumze kifamilia."

"Tutazungumza mbele ya hakimu," alisema Riziki, akampita kuelekea karakanani.

Kesi inasikilizwa kila Alhamisi. Vivunaukungu vinavyoruka sasa ni kumi na saba. Vilivyobaki, Riziki anavishonea nyavu mwenyewe, kwa nyuzi anazonunua kwa fedha zake, mbili kwa wiki.